Unataka Kuwa Mchunguzi wa Eneo la Tukio? Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, hunijia vijana kadhaa wenye swali moja: wanataka kuwa wale watu wanaofika mahali palipotendeka uhalifu, wakavaa glavu na kutafuta alama ambazo wengine wamezikanyaga bila kuziona. Nalipenda swali hilo, kwa sababu shtaka linalosimama juu ya maneno matupu ya mashahidi linaweza kumfunga asiye na hatia na kumwachia mwenye kosa, na nchi zetu zinawahitaji sana watu wa kuzuia hilo. Hata hivyo, picha waliyo nayo vijana hao imetoka katika tamthilia za televisheni, ambamo mtu mmoja huokota unywele asubuhi, akaupima mchana, na jioni akamtia mtuhumiwa pingu. Hapa kwetu kazi hiyo imegawanywa kwa watu wasiokaa hata jengo moja, na sehemu yake kubwa ni kuandika, kufunga, kutia sahihi na kutunza. Anayeyapenda mambo hayo manne atafika mbali. Anayependa ugunduzi peke yake atachoka mapema.

Nitaeleza zaidi hali ya Tanzania, ambayo naifahamu vizuri, na nitawagusa majirani pale panapostahili.

Hatua ya kwanza: Amua ni kiti kipi unachokitaka

Mtu wa kwanza ni askari. Ndani ya Jeshi la Polisi Tanzania kuna kamisheni inayoshughulikia uchunguzi wa kisayansi wa makosa ya jinai, na wataalamu wake hufanya kazi za alama za vidole, silaha na maganda ya risasi, maandishi na nyaraka za kughushi, upigaji picha wa eneo la tukio, pamoja na simu na kompyuta. Huyu ndiye anayeamshwa saa nane za usiku, na ndiye anayechuchumaa kwenye tope.

Wa pili ni mkemia. Yeye hukaa katika Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, taasisi ambayo mizizi yake inarudi hadi mwaka 1895, enzi za Wajerumani, na ambayo leo ina makao yake makuu pamoja na ofisi za kanda nje ya Dar es Salaam. Hapo hupimwa sumu, dawa za kulevya na vinasaba (DNA). Zanzibar ina taasisi yake yenyewe ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo kijana wa Unguja au Pemba asidhani kwamba lazima avuke bahari. Mkemia kwa kawaida haoni eneo la tukio. Anachokiona ni bahasha iliyofungwa kwa lakiri na barua iliyoambatanishwa, na swali lake la kwanza ni kama bahasha na barua vinakubaliana. Ajuaye hilo mapema hatashangaa atakapoajiriwa akakuta kwamba maabara hiyohiyo pia husimamia kemikali za viwandani na kupima bidhaa na mazingira, na kwamba huenda akapangiwa huko kwanza.

Wa tatu ni daktari bingwa wa patholojia, anayefanya uchunguzi wa maiti na kueleza mtu alikufaje. Wa nne ni mtaalamu wa ushahidi wa kidijitali, ambaye kazi yake imepanuka sana tangu ipitishwe Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Wako pia wataalamu wa uhalifu dhidi ya wanyamapori: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilifungua maabara yake ya vinasaba jijini Nairobi mwaka 2015, ambapo kipande cha nyama kilichokamatwa sokoni huweza kutambuliwa kama ni cha ng'ombe au cha pundamilia.

Kwa majirani mgawanyo unafanana. Kenya ina Idara ya Mkemia wa Serikali, na maabara ya kitaifa ya Idara ya Upelelezi wa Jinai ilizinduliwa jijini Nairobi mwaka 2022. Uganda ina maabara ya serikali Wandegeya, Kampala. Na Rwanda ina taasisi ya kitaifa ya uchunguzi huo jijini Kigali. Kabla ya kuchagua chuo, andika kwenye karatasi ni kiti kipi kati ya hivi unachokitaka, kwa sababu njia zake hutengana tangu kidato cha tano.

Hatua ya pili: Jipime kabla hujapimwa

Zoezi ninalowapa vijana halihitaji fedha. Subiri mvua inyeshe, kisha tafuta alama moja ya kiatu kwenye udongo wa uani. Usiisogelee kwanza. Simama mbali upige picha inayoonyesha uwanja mzima, ukuta na mti ulio karibu. Sogea upige picha ya kati inayoonyesha alama na vitu viwili au vitatu vinavyoizunguka. Halafu weka rula kando yake, shika simu ikitazama chini wima kabisa, upige picha ya karibu. Ukiinamisha simu kidogo tu, kisigino kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo na vipimo vyako vyote vitakuwa vya uongo. Tumia tochi ukiishikilia chini, karibu na usawa wa ardhi, mwanga uje kwa ubavu, na utaona mistari ya soli ikijitokeza ambayo mwanga wa juu uliificha. Pima umbali kutoka kona ya nyumba hadi kwenye alama, na kutoka kwenye shina la mti hadi kwenye alama hiyohiyo. Chora ramani. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, na jina la kila mtu aliyepita hapo tangu ulipoanza, ukijitaja na wewe.

Kesho yake, baada ya uani kufagiliwa, mpe ndugu yako daftari hilo pamoja na futi, umwambie akuonyeshe alama ilikuwa wapi, bila wewe kusema neno. Akikosea kwa hatua mbili, kosa si lake. Rudia zoezi hilo mara tatu kwa siku tofauti. Kama mara ya tatu bado unaona raha ya kurekebisha ulichokosea, una moyo wa kazi hii.

Kipimo kingine ni kigumu kukifanyia mazoezi. Mwezi Aprili 2023 wachunguzi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na miili iliyotolewa ilizidi 400, wengi wao wakiwa watoto na wanawake. Miili mingi ilikuwa imeharibika kiasi cha kutotambulika kwa sura, ikabidi sampuli za vinasaba zichukuliwe kwenye mabaki na kwa ndugu waliokuwa wakitafuta watu wao, zilinganishwe moja baada ya nyingine. Miili ya kwanza ilikabidhiwa kwa familia Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Fikiria mambo mawili hapo: mikono iliyofukua kila siku chini ya jua la pwani, na mtu aliyekuwa akizieleza familia, wiki baada ya wiki, kwamba majibu hayajatoka. Jiulize kwa unyofu kama unaweza kuwa mmojawapo, na usione aibu jibu likiwa hapana, kwa sababu kiti cha maabara au cha kompyuta kinakuweka mbali kidogo na maiti, ingawa hakikuweki mbali na huzuni.

Hatua ya tatu: Chagua masomo yenye mzizi

Anayetaka kuwa mkemia au mtaalamu wa vinasaba achukue mchepuo wenye kemia na baiolojia, yaani PCB (fizikia, kemia na baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia na jiografia). Anayeelekea kwenye silaha au kompyuta atafaidika zaidi na PCM (fizikia, kemia na hisabati). Chuo kikuu, ushauri wangu ni kusoma shahada pana ya sayansi kwanza: kemia, baiolojia ya molekuli, bayoteknolojia au sayansi ya maabara za afya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya baiolojia ya molekuli na bayoteknolojia, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina ya bayoteknolojia na sayansi za maabara, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya uhandisi wa usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali. Anayetaka patholojia lazima apitie udaktari kwanza: miaka mitano ya shahada, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, kisha ubingwa.

Nina msimamo kuhusu vyeti vya wiki sita vinavyouzwa mtandaoni kwa majina makubwa ya uchunguzi wa jinai. Havina ubaya vikimwongezea maarifa mtu mwenye shahada, lakini kijana asiyejua kuandaa myeyusho wa kemikali wala kusoma grafu ya kipimo hatakuwa mchunguzi kwa sababu ya cheti hicho. Jambo ambalo wengi hulipuuza ni takwimu. Tuseme vinasaba vilivyopatikana kwenye kisu, kwa kuwa sampuli haikukamilika, vinafanana na vya mtu mmoja katika kila watu 100,000. Masikioni mwa wengi hiyo ni sawa na kusema mtuhumiwa ndiye. Lakini katika jiji lenye watu milioni 5, kama Dar es Salaam, watu wapatao 50 wangelingana na sampuli hiyo, na bila ushahidi mwingine mtuhumiwa ni mmoja wao tu. Mkemia asiyeweza kueleza hesabu hiyo kwa Kiswahili chepesi mbele ya hakimu anaweza kumpeleka mtu gerezani kwa kusema kweli nusu.

Hatua ya nne: Jifunze kutunza kielelezo

Naomba msomaji akae hapa kuliko kwingine kote. Katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza maana ya mnyororo wa utunzaji wa vielelezo, yaani vitu vinavyotolewa mahakamani kama ushahidi, kwa namna ambayo hadi leo hunukuliwa karibu kila palipo na ubishi juu ya kielelezo: kuwe na maandishi yanayofuatana kwa tarehe, yanayoonyesha kitu kilikamatwa vipi, kikawa mikononi mwa nani, kikahamishwa kwa nani, kikapimwa na nani, na mwisho wake ukawa nini. Maamuzi yaliyofuata yamelegeza kidogo kwa vitu visivyobadilishwa kwa urahisi, kama meno ya tembo, lakini kwa unga, majani, vidonge au matone ya damu, ambavyo mtu anaweza kuvibadilisha kwa dakika moja, mahakama bado hutazama kila kiungo cha mnyororo huo.

Kwa vitendo, mambo huenda hivi. Shati lenye damu mbichi halitiwi kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu ukinaswa ndani, bakteria na kuvu huzaliana na vinasaba huharibika. Shati hukaushwa kwa hewa, mbali na jua na mbali na nguo nyingine, kisha hukunjwa likiwa na karatasi safi katikati ya mikunjo ili doa la mbele lisihamie mgongoni, halafu huwekwa katika bahasha ya kaki. Mabaki ya nyumba inayoshukiwa kuchomwa kwa petroli huhitaji kinyume chake: kopo safi la bati lenye kifuniko kinachobana, kwa sababu mvuke ambao ndio ushahidi wenyewe utapenya kwenye karatasi na kupotea. Glavu hubadilishwa kwa kila kielelezo. Penye kufungia bahasha hubandikwa utepe, na sahihi hupitishwa juu ya utepe hadi kwenye karatasi, ili mtu akiufungua, mistari ya sahihi isikutane tena. Juu ya bahasha huandikwa kitu gani, kimetolewa wapi, saa ngapi, na nani. Na kila anayepokea huandika jina lake, tarehe na saa chini ya aliyemkabidhi.

Alama za vidole nazo zina utaratibu wake. Kwenye kioo hutumika poda na brashi laini. Kwenye plastiki, mvuke wa gundi ya supaglu ambao huganda juu ya mistari ya kidole na kuifanya nyeupe. Kwenye karatasi, kemikali ya ninihidrini inayoigeuza alama kuwa ya zambarau. Picha hupigwa kwanza kabla ya poda kuguswa, kwani brashi ya pupa hufuta kilichokuwepo.

Hatua ya tano: Zijue dosari za sayansi yenyewe

Mwaka 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester nchini Uingereza, Alec Jeffreys aligundua njia ya kutofautisha watu kwa vinasaba. Miaka miwili baadaye polisi wa eneo hilo walimpelekea sampuli za mauaji ya wasichana wawili, wakitarajia athibitishe kwamba kijana wa miaka 17, aliyekuwa amekiri moja ya mauaji hayo, ndiye aliyeyatenda yote mawili. Kipimo kilionyesha kwamba mauaji yote yalifanywa na mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa kijana yule. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuguswa na vinasaba katika kesi ya mauaji aliachiwa huru. Huwa nawasimulia vijana habari hii kabla ya nyingine zote, ili wanapoingia maabara wasiingie wakiwa upande wa mashtaka.

Habari ya pili inahusu vidole. Baada ya mabomu ya treni jijini Madrid mwezi Machi 2004, wataalamu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walisema alama iliyokutwa kwenye mfuko wenye viwashio vya milipuko ni ya wakili mmoja wa Oregon. Wengine walioombwa kuhakiki walikubali. Wakili aliwekwa kizuizini takribani wiki mbili, hadi polisi wa Uhispania walipoitambua alama hiyo kuwa ya mtu mwingine kabisa, raia wa Algeria. Vidole vya watu hao wawili havikuwa sawa. Vilifanana tu, na waliohakiki walijua tayari mwenzao amesema nini. Ukipata nafasi ya kuhakiki kazi ya mwenzako, omba uione sampuli kabla ya kuambiwa jibu lake.

Hatua ya sita: Omba kazi ukijua masharti

Nafasi za Mamlaka ya Mkemia Mkuu hutangazwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na hazitoki kila mwezi. Tayarisha mapema cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na nakala za vyeti zilizothibitishwa, maana muda wa maombi huwa mfupi. Fahamu pia kwamba fani ya kemia nchini inasimamiwa kwa sheria ya mwaka 2016 yenye masharti ya usajili, kwa hiyo ulizia hilo ukiwa bado mwaka wa mwisho wa chuo.

Anayepitia polisi asome tangazo la mwaka husika neno kwa neno: umri, urefu, afya, na hata sharti la kutokuwa na michoro mwilini, ambalo limewakatisha tamaa vijana wenye ufaulu mzuri. Akichaguliwa atapitia mafunzo ya awali ya askari kama wenzake wote, na shahada yake haimhakikishii kupangiwa uchunguzi wa kisayansi siku ya kwanza. Anaweza kuanza kwa doria na zamu za kituoni. Sioni kuwa muda huo umepotea, kwa sababu askari aliyewahi kusukumana na umati unaotaka kuingia kwenye nyumba ya marehemu anajua, kuliko msomi yeyote, jinsi ya kuzungushia utepe kabla ya kitu kingine chochote.

Ukiwa bado chuoni, omba mafunzo kwa vitendo kwa barua ya idara yako. Usiende maabara ukitarajia kugusa vinasaba vya kesi. Uchunguzi huo unatawaliwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na hata mzazi anayetaka kuthibitisha mtoto ni wake hawezi kuingia tu na kupimwa, lazima ombi lipitie mamlaka zinazotambuliwa, kama vile mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Utapewa kuosha vyombo, kuandika rejesta na kurekebisha mizani. Fanya hayo kwa bidii.

Hatua ya saba: Nenda mahakamani

Kesi nyingi husikilizwa hadharani, na huhitaji barua wala kumjua mtu. Vaa nguo za heshima, zima simu, kaa benchi la nyuma, na siku hiyo usifanye jambo lingine zaidi ya kusikiliza.

Siku moja nilikaa katika mahakama ya wilaya palipokuwa na kesi ya bangi. Hati ya ukamataji ilisema misokoto 38. Taarifa ya maabara ilisema misokoto 36. Wakili wa utetezi hakupandisha sauti. Alimpa askari karatasi zote mbili na kumwomba azisome kwa sauti, moja baada ya nyingine. Askari alisoma, akanyamaza, akasoma tena. Sidhani kama alikuwa ameiba. Nadhani alihesabu usiku kwa tochi na hakurudia. Mkemia naye alipoitwa aliulizwa kama anaweza kueleza misokoto miwili iko wapi. Alijibu, "Siwezi, mheshimiwa. Bahasha ilinifikia ikiwa imefungwa, nikaifungua, nikahesabu 36, nikaandika 36." Aliulizwa tena kwa maneno mengine, na akajibu vilevile, akiwa na daftari lake la maabara mkononi, lililofunguliwa kwenye ukurasa wa siku ile, penye saa aliyofungua bahasha na jina la mwenzake aliyesimama pembeni wakati akihesabu.

Ukienda, mwangalie shahidi wa namna hiyo, kisha andika ni swali gani angeulizwa ambalo daftari lake lisingeweza kulijibu.